Kuchanganya mitindo ya muziki: lini ni uvumbuzi, lini ni kiraka

Msanii akiunganisha mitindo miwili katika wimbo mmoja, mabishano huanza kabla wimbo haujaisha. Wapo wanaosema ameleta jambo jipya, na wapo wanaosema hakuna alichobuni, maana vyote alivyotumia vilikuwapo. Pande zote mbili zinapima viungo, na viungo peke yake havisemi lolote. Ska ya Jamaika ilitokana na mento, muziki wa kienyeji wa kisiwani, na midundo ya Wamarekani weusi iliyonaswa redioni na kwenye santuri. Rumba ya Kongo ilianza kwa vijana kuiga son ya Kuba waliyoisikia kwenye santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Taarab ya Unguja ina kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na udi wa Waarabu, fidla ya Ulaya na mashairi ya Kiswahili. Kama mseto haustahili kuitwa uvumbuzi kwa kuwa viungo vyake ni vya zamani, basi hakuna muziki mpya uliowahi kutokea, na neno lenyewe tulifute kwenye kamusi.

Ndani ya mabishano hayo kuna maswali mawili yaliyosukwa pamoja kama ukili. La kwanza ni la kiufundi: mitindo ilipokutana, kitu gani kililazimika kubadilika? La pili ni la kihistoria: hicho kilichobadilika, nani mwingine alikitumia, na kwa muda gani? Uvumbuzi hujibiwa na swali la kwanza, athari ya kudumu na la pili. Wimbo unaweza kuwa na kimoja bila kingine, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Ugomvi wa milisekunde mia moja

Mitindo haigombani kwa majina. Hugombana mahali mahususi panapoweza kupimwa, na mahali pa kwanza ni jinsi pigo moja linavyokatwa. Chukua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo lina milisekunde 600. Muziki unaogawa sawasawa hukata pigo vipande viwili vya milisekunde 300. Swingi ya jazi na bluzi hurefusha kipande cha kwanza na kufupisha cha pili. Kwa uwiano wa mbili kwa moja unapata 400 na 200. Sasa mweke mpiga ngoma wa swingi pamoja na mpiga gitaa anayegawa sawasawa. Kila katikati ya pigo watapishana kwa milisekunde 100, na sikio lisilo na mafunzo yoyote hulisikia pengo hilo kama mwendo wa farasi anayechechemea.

Hapo ndipo prodyuza wengi hukimbilia kompyuta na kuvuta kila noti mpaka ikae juu ya mstari wa gridi. Kelele huisha, lakini pamoja nayo imezikwa swingi yenyewe. Kinachobaki ni mtindo mmoja uliovaa ala za mtindo mwingine.

Rock and roll ya miaka ya 1950 inaonyesha ugomvi huohuo ukiachiwa wanamuziki wautatue. Earl Palmer, mpiga ngoma wa New Orleans aliyerekodi na Little Richard, alikuwa mtu wa swingi na shafo, mdundo unaoyumba kwa mgao wa swingi. Little Richard naye aligonga piano kwa mkono wa kulia, noti nane zilizo sawa kwa kila mapigo manne, kwa nguvu. Palmer alikuja kueleza kwamba mkono ule ndio uliomfanya aache shafo na kuufuata. Kwenye rekodi za Chuck Berry za miaka ileile suluhu ilikuwa bado haijafikiwa: gitaa lake linakata sawasawa huku wenzake wakiendelea kuyumba, na mvutano huo ndio unaoufanya wimbo usikike kama unataka kupinduka. Baada ya miaka kumi hivi, mgao wa sawasawa ulikuwa umekuwa kawaida ya roki na ya sehemu kubwa ya muziki wa popu. Bluzi ilikuwa ya zamani na kantri ilikuwa ya zamani. Kipya kilikuwa namna ngoma ilivyoamua kusimama upande wa piano.

Ugomvi wa pili unafanana na huo lakini ni mkubwa zaidi. Ngoma nyingi za Afrika hugawa pigo vipande vitatu, kwa hiyo mapigo manne yana chembe 12. Muziki wa klabu hugawa pigo vipande vinne, kwa hiyo mapigo yaleyale yana chembe 16. Kwa mwendo wa mapigo 120, mapigo manne huchukua sekunde mbili. Chembe ya kundi la kwanza ina milisekunde 167 hivi, ya kundi la pili 125. Makundi hayo hukutana mwanzoni mwa kila pigo tu, na popote pengine yanapishana. Ukirekodi ngoma ya chembe 12 kisha ukaiambia programu iisahihishe kwa gridi ya 16, noti zitahamia kwenye mstari ulio karibu, baadhi mbele na baadhi nyuma, na ngoma itasikika kama imepigwa na mtu asiyeijua. Programu nyingi zina gridi ya utatu, anza na hiyo. Kisha amua ni ala zipi zibaki upande wa 12 na zipi upande wa 16, na uzitenganishe kwa kimo cha sauti: manyanga na kengele juu, besi chini. Zikikaa kimo kimoja zitafunikana.

Njia ya pili ni kutafsiri. Clave ya Kuba ni milio mitano ya vijiti vinavyogonganishwa. Katika chembe 12 huangukia namba 1, 3, 5, 8 na 10. Katika chembe 16 huangukia 1, 4, 7, 11 na 13. Umbo ni lilelile, nafasi zimehesabiwa upya, na wapigaji hodari huweza kutoka upande mmoja kwenda wa pili katikati ya wimbo bila mchezaji kupoteza hatua. Huo ndio mseto uliokomaa, kwa sababu mtu aliyeuelewa anaweza kurudi nyumba yoyote kati ya mbili bila kubisha hodi.

Kinanda, maqam na neno refu la Kiswahili

Upangaji wa sauti nao huzaa matatizo ambayo watu huyaita "ladha" huku wakishindwa kuyataja. Kinanda cha kawaida kina noti 12 katika oktava. Maqam ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ina noti ya tatu iliyo katikati ya mbili za kinanda, takriban robo toni chini ya ile ya juu. Fidla na udi hufika hapo bila shida kwa kuwa kidole kiko huru. Kinanda hakifiki. Mpiga kinanda akishikilia kodi kamili, yaani noti tatu kwa pamoja, huku fidla ikipiga robo toni, noti ya katikati ya kodi itasuguana na ya fidla na utasikia sauti ikitetemeka kwa mawimbi. Wasiojua humlaumu mpiga fidla.

Tiba zipo tatu, na kila moja inazaa muziki tofauti. Ya kwanza ni kuifuata ala ngumu: kuziacha robo toni na kuimba kwa mizani ya kinanda, jambo lililotokea katika sehemu kubwa ya taarab ya kisasa yenye vinanda vya umeme. Ya pili ni kuirekebisha ala. Nchini Misri akodiani zilifunguliwa na vilimi vyake kukwanguliwa ili vitoe robo toni, na leo kuna vinanda vyenye vitufe vya kushusha noti unayoitaka. Ya tatu ni rahisi kuliko zote na hutumiwa kidogo: toa noti ya katikati, piga ya kwanza na ya tano tu, na uiachie fidla uwanja. Anayechagua ya kwanza bila kujua kwamba alichagua hajachanganya chochote. Amehama.

Lugha ni uwanja mwingine ambao watu huusahau. Siti binti Saad na kundi lake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, walichopeleka kilikuwa taarab iliyoimbwa kwa Kiswahili, wakati muziki huo hapo awali ulizoeleka kuimbwa kwa Kiarabu. Hilo halikuwa badiliko la maneno tu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na shairi lake huhesabiwa kwa mizani, kwa kawaida nane na nane katika mshororo. Wimbo uliotungwa kufuata silabi ndefu na fupi za Kiarabu unapaswa kukatwa upya ili mkazo uangukie pigo zito.

Rapu ya Kiswahili ilikutana na jambo hilohilo. Maneno ya Kiingereza mara nyingi ni ya silabi moja na huweza kuishia kwa konsonanti inayogonga kama snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Kiswahili huishia kwa irabu na neno moja hubeba sentensi nzima: maneno matatu ya silabi moja moja yanakuwa "ninakupenda", silabi tano. Ukitafsiri mistari kwa maana, haitatosha kwenye biti. Wachanaji wa mwanzo walifupisha ("nakupenda"), wakapunguza mawazo katika mstari, na wakahamishia kina, yaani sauti zinazofanana mwishoni mwa mistari, kwenye silabi mbili za mwisho, penda na tenda, kwa kuwa mkazo uko kwenye ile ya kwanza yake. Huo ni uhandisi. Aliyebadilisha lugha tu na kuacha mitiririko ya kigeni ilivyo alisikika kama anasoma tangazo kwa haraka.

Dakika tatu hazitoshi

Hailaifu ya Afrika Magharibi ilisimama juu ya beti, kiitikio na mzunguko wa kodi. Fanki ya James Brown iling'ang'ania kodi moja kwa muda mrefu, kila ala ikirudia kipande kifupi kisichobadilika. Jazi ilidai nafasi ya mtu kupiga solo mpaka atosheke. Fela Kuti, aliyesomea muziki Trinity College mjini London na kuanza na hailaifu iliyochanganywa na jazi, alibadili mwelekeo baada ya ziara ya Marekani ya mwaka 1969. Mahitaji hayo matatu hayaingii katika wimbo wa dakika tatu. Afrobeat ikajibu kwa kurefusha: dakika 10, 15, au zaidi, ala zikiingia kwa zamu, tarumbeta na saksafoni zikitoa tamko, na mwimbaji akisubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua mdomo.

Lakini urefu ungechosha kama ngoma ingekuwa ya kawaida. Tony Allen, aliyewasikiliza sana wapiga ngoma wa jazi kama Max Roach na Art Blakey, aliipa mikono na miguu yake kazi nne tofauti zinazopishana, kiasi kwamba kipande kinachorudiwa hakisikiki kuwa kimerudiwa. Ukimwondoa na kuweka mashine inayopiga mapigo mawili mazito na snea mbili, wimbo wa dakika 15 huwa kazi ngumu kuusikiliza hata dakika ya nne. Wengi walioiga afrobeat walichukua tarumbeta na hasira za kisiasa, wakaiacha ngoma. Matokeo yake yanajulikana.

Kiraka kinavyojulikana

Mwaka 1981 ilitoka Hooked on Classics, ambamo Louis Clark aliiongoza Royal Philharmonic Orchestra kupiga vipande vifupi vya tungo maarufu za kiklasiki, kimoja baada ya kingine, juu ya biti moja ya disko. Iliuzika sana na kufika kumi bora Marekani na Uingereza. Ifanyie jaribio hili: nyamazisha biti. Kinachobaki ni orkestra ikipiga dondoo zilezile, mwendo wake tu ukiwa umenyooshwa. Sasa nyamazisha orkestra. Kinachobaki ni biti ya disko isiyojua kama kulikuwa na Mozart. Hakuna upande ulioulizwa swali lolote na mwenzake.

Linganisha na bossa nova. Mwaka 1958 João Gilberto alirekodi "Chega de Saudade", wimbo wa Antônio Carlos Jobim na Vinicius de Moraes. Samba ya kundi kubwa la ngoma ilikuwa imeshushwa kwenye gitaa moja: kidole gumba kinapiga pigo tulivu la surdo, ile ngoma kubwa ya chini, na vidole vingine vinapiga kodi kwa mkato wa tamborim, ngoma ndogo ya juu. Kodi zenyewe ni nzito, zenye noti za ziada kama za jazi. Sauti ni ya chini, haitetemeki, inatangulia au kuchelewa pigo makusudi. Jaribu kunyamazisha "samba" hapo. Huwezi, kwa sababu samba ni vidole, na vidole hivyo ndivyo vinavyopiga kodi. Jaribu kupaza sauti kama waimbaji wa zamani wa redio: gitaa linapotea.

Jaribio hilo unaweza kulifanya kwa wimbo wowote ukiwa na faili za sauti zilizotenganishwa, au programu ya kutenganisha ala. Zima sauti kwa makundi, kulingana na mtindo zilikotoka. Sikiliza kama kundi lililobaki linaweza kuitwa wimbo uliokamilika wa mtindo wake wa zamani. Likikamilika, ulikuwa na kiraka. Likibaki na mashimo, ambapo noti zinaonekana kukosa sababu, basi kulikuwa na mshono wa kweli. Kisha pima jambo la pili: tafuta kitu kilichopo kwenye mseto ambacho hakipo kwenye mtindo wowote kati ya wazazi. Kidogo tu kinatosha, hata namna ya kuchelewesha pigo.

Kuna kosa moja linaloweza kudanganya jaribio. Rege ya one drop huacha pigo la kwanza tupu. Ngoma kubwa na snea huanguka pamoja kwenye la tatu. Wapo wanaoichanganya na hausi, ambayo hupiga ngoma kubwa kwenye mapigo yote manne. Gitaa la mkato linabaki, besi inabaki, echo inabaki, na msikilizaji anatambua "rege". Lakini tundu lililokuwa kwenye pigo la kwanza limezibwa, na tundu hilo ndilo lililofanya besi isikike kama inaning'inia. Wajamaika wenyewe walikuwa wamelishughulikia tatizo hili katika mtindo wa steppers wa miaka ya 1970, wenye ngoma kubwa kwenye kila pigo: besi ilipangwa upya, ikapewa misemo mifupi yenye mapumziko yake. Kwa hiyo kabla ya kutoa sifa kwa mseto mpya, ni vyema kuuliza kama wenye mtindo hawakuwahi kupita hapo.

Kinachorithiwa ni kidogo

Mwaka 1957 mtunzi Gunther Schuller aliupa jina Third Stream, yaani mkondo wa tatu, muziki wa kuunganisha jazi na klasiki ya Ulaya. Hakuna mseto uliofikiriwa kwa makini zaidi katika karne ile. Wapigaji walikuwa mahodari, tungo zilikuwa nzito, ugomvi kati ya noti zilizoandikwa na noti zinazobuniwa papo hapo ulikabiliwa uso kwa uso. Kama uvumbuzi, unapita. Kama athari, uliacha mafunzo vyuoni na tungo kadhaa zinazoheshimiwa, lakini haukuwa mtindo ambao vijana wa mtaa wowote waliuchukua wakaukimbiza. Sababu ni ya vitendo: ulihitaji watu wengi wanaosoma noti vizuri na kubuni vizuri kwa wakati mmoja, mazoezi marefu, na ukumbi wa kukaa kimya. Hapakuwa na kipande kidogo ambacho mtu mmoja angeweza kukichukua aende nacho.

Sasa tazama kilichosafiri. Kool Herc, mzaliwa wa Kingston aliyehamia New York mwaka 1967, aliandaa muziki kwenye sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 huko Bronx. Alikuwa na desturi ya Jamaika ya spika kubwa na mtu wa kuzungumza juu ya muziki, na santuri za fanki za Kimarekani. Alichokuja kujulikana nacho ni kutumia nakala mbili za santuri moja: sehemu ya ngoma tupu ikiisha kwenye ya kwanza, inaanza kwenye ya pili, huku ya kwanza ikirudishwa nyuma. Sentensi moja inatosha kuieleza njia hiyo. Mtu mwenye mashine mbili za santuri anaweza kuijaribu jioni hiyohiyo, atashindwa, na kesho atashindwa kwa ubora zaidi kidogo. Karibu kila biti ya hip hop inayorudia kipande kifupi inatoka kwenye kitendo hicho, hata pale isipokuwapo santuri.

Dembow ni mfano wa namna hiyohiyo. Ni kiunzi cha ngoma chenye chembe 16: ngoma kubwa kwenye 1, 5, 9 na 13, snea kwenye 4, 7, 12 na 15. Jina lake limetokana na wimbo wa Shabba Ranks, Mjamaika, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiunzi kilipita Panama na New York, kikafika Puerto Rico na kuwa uti wa mgongo wa regeton. Aliyekaa nacho mkononi hakuhitaji kujua neno hata moja la Kijamaika. Kinachofanya kisichoke ni kwamba snea zake huanguka kwa hesabu ya tatu, tatu, mbili dhidi ya ngoma kubwa isiyoyumba. Kuna mvutano wa kudumu ndani yake, na bado kina nafasi kubwa tupu kwa mtu mwingine kuweka chake.

Jungle ya Uingereza ilifanya hesabu nyingine. Ngoma zilitoka kwenye kipande cha sekunde saba hivi cha wimbo "Amen, Brother" wa The Winstons, uliotoka mwaka 1969, ambacho mwendo wake ni kama mapigo 136 kwa dakika. Kuupeleka mwendo huo hadi 165 kwa kuizungusha santuri haraka hupandisha sauti kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu, ndiyo maana snea za jungle zina ule mlio mkali wa bati. Besi, ikitoka kwenye rege na tawi lake la dabu, ilikwenda kwa nusu ya mwendo, 80 na kitu. Mchezaji anaweza kufuata miguu ya ngoma au kiuno cha besi, na wote wawili wako sahihi. Mpiga ngoma wa kipande kile, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 bila kupata mrabaha kwa maelfu ya nyimbo zilizokitumia.

Chombo rahisi nacho husukuma athari kuliko watu wanavyokubali. "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force ya mwaka 1982 iliunganisha mahadhi na midundo ya Kraftwerk wa Ujerumani na rapu ya Bronx, kwa mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Mashine hiyo iliingia sokoni mwaka 1980 na ikasimamishwa kutengenezwa mwaka 1983, zikiwa zimetoka takriban 12,000 tu. Haikupendwa na waliotaka ngoma za kweli, kwa hiyo nyingi ziliishia kuuzwa zikiwa zimetumika, kwa bei nafuu, kwa vijana ambao hawakuwa na hamu ya ngoma za kweli. Mseto uliofanywa kwa kifaa kinachonunulika hurudiwa.

Soko lilivyo na kipimo chake

Kuna aina ya athari ambayo haihusiani na ufundi, na ni kosa kuidharau. Run-DMC na Aerosmith walipoutoa upya "Walk This Way" mwaka 1986 ulifika nafasi ya nne Marekani. Kiufundi haukuwa mpya, kwani madijei wa hip hop walikuwa wamekwisha kuuzungusha mwanzo wa ngoma wa wimbo huo wa mwaka 1975. Ulichofungua ni milango ya redio na televisheni iliyokuwa imefungwa kwa rapu. Athari hiyo ni ya kweli, lakini msifu aliyefungua mlango kwa kufungua mlango.

"Old Town Road" ya Lil Nas X ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 19 mwaka 2019, rekodi kwa wakati huo, baada ya jarida la Billboard, linalopanga chati hizo, kuiondoa kwenye chati ya kantri. Watu waliiona kama mseto wa kantri na trap, tawi la hip hop. Banjo inayosikika humo ilitoka kwenye rekodi ya Nine Inch Nails, bendi ya roki ya mitambo. Mahali pa ugomvi wa kiufundi ni pachache, kwa kuwa banjo ni kipande kifupi kinachorudiwa na trap hupenda hivyo hivyo. Kisa chake kinatueleza zaidi kuhusu nani hupanga makabati ya mitindo kuliko kuhusu mitindo yenyewe.

Sheria huzidisha mkanganyiko. Kwa desturi hakimiliki hulinda mahadhi na maneno kwa nguvu kuliko mdundo, na ndiyo sababu viunzi kama dembow vilitembea dunia nzima bila hati. Mwaka 2015 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) huko Los Angeles liliamua kwamba "Blurred Lines" ya Robin Thicke na Pharrell Williams ilivunja haki ya wimbo wa Marvin Gaye wa mwaka 1977, na wengi wakahofu kwamba hisia ya wimbo imeanza kumilikiwa. Mwaka 2021 Mjamaika Clevie na wawakilishi wa mirathi ya mwenzake Steely, aliyekwisha kufariki, walifungua kesi dhidi ya wasanii wa regeton kuhusu mdundo wa wawili hao wa mwaka 1989. Mahakama itaonyesha nani alipwe, lakini haiwezi kuonyesha lini kiunzi kilikoma kuwa cha mtu na kuwa cha lugha.

Kwa athari ya kudumu, kipimo kinachofaa ni kizazi cha pili. Tafuta wimbo uliotoka miaka 15 au 20 baadaye, mahali pengine, uliotengenezwa na mtu aliyejifunza kutoka kwa wafuasi na si kwa mwanzilishi. Kisha angalia kama kile kipande kidogo kipo ndani yake, hata kama kila kitu kingine kimebadilika. Kabla ya muda huo kupita, mtu anachoweza kuona ni dalili tu.

Amapiano ya Afrika Kusini iko kwenye hatua hiyo. Imetokana na hausi, kwaito na kinanda chenye ladha ya jazi, kwa mwendo wa mapigo 110 hadi 115 hivi. Kilicho kipya ni log drum, besi inayogonga kama ngoma: badala ya ngoma kubwa na besi kugombea nafasi moja ya chini, kazi zao mbili zimepewa sauti moja, na ngoma kubwa imeruhusiwa kunyamaza. Tayari sauti hiyo inasikika kwenye nyimbo za Nigeria na za Bongo Fleva zisizo amapiano, zenye beti na kiitikio vya kawaida na urefu wa dakika tatu. Log drum ndiyo iliyovuka mpaka. Utangulizi mrefu na subira ya kungoja besi iingie vimebaki vilikotoka.